Usalama wa Mji Haupimwi kwa Wezi Pekee

Anayenuia kuhamia mji mgeni huuliza kwanza habari za wezi: maduka hufungwa saa ngapi? Mitaa ina taa? Maswali hayo ni ya haki, lakini hayatoshi. Hayamwelezi jinsi majirani watakavyotazamana matokeo ya kura yatakapotangazwa.

Uchukuliwe mfano wa Eldoret. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa, karibu na mji huo, lilichomwa likiwa limejaa waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133 nchini kote katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Dalili zilikuwapo: eneo hilo lilikuwa limekumbwa na mapigano ya kikabila mnamo 1992.

Basi anayehama na awaulize wazee pia: ni ardhi ipi inayogombaniwa? Je, waliofukuzwa zamani walirejea? Kuuliza huku si kumpima jirani kwa kabila lake. Kufanya hivyo ni kuurutubisha uhasama ule ule. Mji ulio salama ni ule ambao kinyongo chake husemwa hadharani, kikasuluhishwa kabla ya msimu wa kura.