Lumbesa na mgongo wa mjomba

Najua nimepotea, ni hizi testi... Leo nina la moyoni, mnivumilie tu.

Juzi darasani tulifundishwa mkao bora kazini. Kiti kiwe na egemeo, kioo cha kompyuta kiwe usawa wa macho, ukikaa muda mrefu simama ujinyooshe. Safi kabisa, sina ugomvi. Nikanyoosha mkono nikauliza, je, anayebeba magunia? Darasa zima likacheka! Jamaa mmoja kule nyuma akadakia, "Hao wameshazoea bwana, watu wa Kigoma miili ya chuma." Nikakaa kimya, ila hasira ninayo mpaka leo.

Mimi kwetu Heru Juu, Kasulu. Mjomba wangu amepakia maharage na mahindi kwenye malori tangu mimi sijaanza shule. Watu wawili wananyanyua gunia, wanamtwisha, anapanda nalo ubao mpaka juu ya lori, akifika anapinda kiuno kulitua. Kule kupinda na mzigo ndiko kunakoziumiza zile gegedu za katikati ya pingili za mgongo. Siku hizi asubuhi hawezi kuinuka kitandani mpaka ageukie ubavu, ashike ukuta. Na hajafika hata miaka 50.

Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilitoa Pendekezo Namba 128: pale ambapo mzigo unaoruhusiwa kubebwa na mwanaume mzima mmoja unazidi kilo 55, hatua zichukuliwe haraka kuushusha. Sisi kanuni zetu za vipimo zinataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Yaani hata gunia halali, lisilo na kilemba, ni karibu mara mbili. Halafu ndio ije lumbesa!

Kila wakisimama kuipiga vita lumbesa wanasema mkulima anaibiwa. Kweli anaibiwa. Sasa aliye chini ya gunia je? Mjomba analipwa kwa gunia, liwe limejaa kawaida au limeshonewa kichwa juu, hela ni ile ile.

Hilo la "wameshazoea" nalo tuliangalie, maana wasomi wanalipenda. Mwaka 1986 jarida la Nature lilitoa utafiti wa wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu wa Kenya: walibeba mzigo mpaka asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nguvu ya ziada. Sawa. Ila pale ilipimwa nishati, haikupimwa mifupa ya shingo. Na asilimia 20 ya mtu wa kilo 60 ni kilo 12. Kilo kumi na mbili jamani!

Kinachoniuma zaidi, dawa yake tunaijua. Mbolea inapanda Heru Juu kwenye mifuko ya kilo 50. Saruji vile vile, kilo 50. Maharage yaliyooteshwa na mbolea hiyo hiyo yanashuka kwenye gunia la 100 na ushee. Nani kasema haiwezekani? Mtaniambia kuli atapanda ubao mara mbili. Apande, na alipwe nusu bei kila safari, hela haipungui. Anayepungukiwa ni yule anayekwepa ushuru na nauli vinapohesabiwa kwa gunia.

Sheria tunazo. Ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni ya 2003, ya Fidia kwa Wafanyakazi 2008. Lakini fidia inapitia kwa mwajiri anayechangia, na mwajiri wa mjomba ni nani? Mwenye lori anasema kamuulize mwenye mzigo. Mwenye mzigo anasema nilishamlipa, tumemalizana.

Jana nikampigia. "Shikamoo mjomba, mgongo unaendeleaje?" Akacheka, "Marahaba mwipwa, upo tu, kesho kuna lori mbili."

Alhamisi ni zamu yangu kuwasilisha darasani. Mada niliyopewa ni viti vya ofisini. Nimeshaibadilisha, mwalimu bado hajui...