Jirani Hatafutwi Ng'ambo

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, intaneti ikazorota nchini. Bahari imekuwa kisingizio tangu hapo. Katika ofisi moja ya umma huku Kishanda, Muleba, nimemsikia mhudumu akimwambia bibi aliyetembea asubuhi nzima: “Mtandao hakuna, rudi kesho.” Kompyuta yenye kumbukumbu zake ilikuwa chumba cha pili, inawaka.

Kosa halikuwa la bahari. Programu iliita kompyuta ile kwa jina, na daftari la majina liko kwenye seva ya mbali. Seva isipofikika, hata jirani hajulikani. Jaribuni anwani ya namba, mathalani 192.168.1.10. Ikiitika, waya ni mzima. Kilichopotea ni jina. Liandikeni pamoja na namba yake katika faili liitwalo hosts, au wekeni seva ya majina humo humo ofisini. Hakuhitajiki zabuni wala mfadhili.

Watumishi wa umma, kabla ya kusaini mkataba wa mfumo ulizeni: intaneti ikikatika, utafanya kazi? Nanyi wanafunzi, chomoeni waya wa nje, mwone kinachobaki kuwa chetu.