Udongo wa kwenye picha na udongo wa Bibi

Wiki mbili sijaandika kitu, testi zilinibana, si mchezo. Leo naandika na hasira kidogo, ila ninayemkasirikia ni mimi mwenyewe.

Ilianza hivi. Rumeti wangu anataka tupambe chumba chetu cha hosteli bumu likitoka. Juzi akanionyesha kwenye simu picha za nyumba ya Georgia O'Keeffe, yule mchoraji wa Marekani, kule Abiquiú, jangwani New Mexico. Jamani, nyumba ya udongo! Aliinunua mwaka 1945 ikiwa gofu, akahamia mwaka 1949 baada ya kukarabatiwa. Ndani hamna makorokoro. Kuta nene za udongo, benchi za udongo zilizoungana na ukuta, dari ya magogo, na mawe aliyookota mwenyewe. Kuna mlango mmoja wa uani ulimvutia mpaka akauchora mara nyingi. Nikasema, "Mwe, hii ndiyo nyumba!"

Kisha nikanyamaza. Maana nyumba ya udongo yenye pa kukalia ukutani naijua. Ni ya Bibi yangu, Kilwa Kivinje, na nilipokuwa mwaka wa kwanza niliona haya hata kuwaonyesha wenzangu picha yake.

Msiofika kwetu niwaeleze. Nyumba ya Bibi ni ya miti na fito, imekandikwa udongo na kuezekwa makuti. Mbele kuna baraza, ndani ukumbi katikati na vyumba huku na huku, nyuma uani. Fungua mlango wa mbele na wa nyuma, upepo unapita moja kwa moja. Chini mkeka wa ukindu aliousuka mwenyewe, kwenye kona yenye giza mtungi wa maji. Basi. Tofauti na ile benchi ya Abiquiú, baraza ya Bibi inakaliwa na mtaa mzima.

Sasa kisa chenyewe. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipotuletea zile mvua zilizokata barabara ya Dar na Lindi pale Somanga, ukuta mmoja wa Bibi uliporomoka. Ukazibwazibwa tu mpaka leo. Sasa baba na baba mdogo wamechanga, wanataka kubomoa yote wajenge ya tofali za saruji. Fundi kaleta ramani. Haina baraza. Eti inakula eneo.

Nikampigia Bibi, najiona mtetezi wa utamaduni. "Shikamoo Bibi. Usikubali wabomoe, Wamarekani wanazitunza nyumba kama hizi!"

"Marahaba mjukuu wangu. Na huyo mama wa Marekani, udongo alikandika mwenyewe?"

Nikakwama. Kuta zile za Abiquiú zilisawazishwa kwa mikono ya wanawake wa pale kijijini. Bibi akaendelea, "Mie nimechoka kukandika, nimechoka na makuti. Nataka bati. Ila mwambie baba yako, baraza akiitoa mie nitakaa wapi?"

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Anayesema bomoa yote kakosea, na mimi niliyetaka Bibi aendelee kuvujiwa ili nipate picha nzuri nimekosea zaidi. Uzuri wa nyumba unatokana na kujibu mahali ilipo. Nendeni Kilwa Kisiwani mkaone magofu. Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman la karne ya 14, lina vyumba zaidi ya 100 na bwawa la pembe nane, limekaa ukingoni likitazama bahari. Vyumba vya mawe vya enzi zile ni vyembamba kwa kuwa boriti ya mkoko haiwi ndefu unavyotaka. Mjenzi alipimia mti alionao. Na Ibn Battuta alipofika mwaka 1331, mji aliousifu kwa uzuri alisema nyumba zake ni za miti, zimeezekwa majani. Yaani ndugu zake nyumba ya Bibi!

Sisemi turudi kuchoma matumbawe tupate chokaa au kufyeka mikoko tupate boriti. Tutaua bahari inayotulisha. Tuchukue sababu, vitu tubadilishe. Bati sawa, ila paa liinuliwe, liwe na dari chini yake, na litokeze nje likinge kuta jua na mvua. Tofali sawa, ila mlango wa mbele utazamane na wa uani. Ukuta mweupe, vitu vichache. Na baraza irudi, hata ya saruji. Kabla ya kuuliza vigae rangi gani, tumuulize fundi maswali mawili: upepo unaingia wapi, na wazee wanakaa wapi?

Nimemwambia baba. Kajibu, "Nitaongea na fundi." Mnaowajua baba wa Kilwa mnajua hiyo si ndiyo wala siyo hapana. Msingi unachimbwa mwezi ujao, niombeeni.

Chumbani kwetu hapa tumeamua kutonunua kitu. Rumeti kakubali tutoe makabati ya maboksi, na Bibi anatuma mkeka na basi la Ijumaa.

Nanyi je, ramani za kwenu zina baraza? Niambieni. Wacha niwahi kipindi cha saa nane.