Swala Yule Hakujitoa Mhanga!

Jana shangazi yangu kanitumia tena ile picha. Mnaijua. Swala pala kasimama wima, shingo juu, anatazama mbele kana kwamba hayamhusu, na duma watatu wamemvamia, mmoja kamshika kooni. Chini yake hadithi ile ile: eti ni mama aliyejitoa mhanga ili watoto wake wapate kukimbia, na eti mpiga picha aliugua sonona kwa alichokiona. Shangazi kamalizia: "Mama ni mama, mwanangu."

Shikamoo shangazi. Ni uongo.

Picha ile aliipiga Alison Buttigieg huko Maasai Mara, Kenya, mwaka 2013. Hadithi ikazushwa na kuzagaa 2017, na yeye mwenyewe akajitokeza kuikanusha. Hakuugua. Hakuna mtoto wa swala aliyekuwa anaokolewa. Swala aliganda tu kwa mshtuko. Mama kwenye picha yumo, ila siye tunayemlilia: ni duma jike aitwaye Narasha, na alikuwa anawafundisha wanawe kuua. Hayo ndiyo mapenzi ya mama yaliyokuwa mbele ya kamera siku ile, sisi tukaona hayatoshi, tukatunga mengine!

Nasema "tukatunga" kwa sababu nami nimo. Mwaka wangu wa kwanza gazetini niliandika chini ya picha: "Tembo akimbembeleza mwanawe." Nilijuaje? Sikuwepo. Kwenye kundi la tembo, shangazi na dada wakubwa nao hulea watoto. Mhariri akapitisha, wasomaji wakafurahi, nami nikalala usingizi mnono.

Mtasema, kijana, hadithi tamu inamdhuru nani? Inamdhuru duma. Mtu akishalishwa utamu huo anakuja mbugani kuutafuta, na hatosheki na duma amelala kichakani. Anataka mama akimlamba mtoto, tena uso kwa uso, tena kabla ndege haijaondoka kesho. Duma naye ana bahati mbaya, anawinda mchana, saa zile zile za watalii. Dereva mmoja akimwona, redio zinalia, dakika chache magari yameshamzunguka.

Mwaka 2018 mtafiti Femke Broekhuis alitoa matokeo ya utafiti wake huko huko Mara. Penye watalii wachache, duma jike alikuza kwa wastani watoto 2.3 wa uzao mmoja mpaka wakajitegemea. Penye watalii wengi? 0.2. Rudieni kuisoma namba hiyo taratibu. Maelezo yake ni kwamba huenda magari yanamvurugia mama mawindo na chakula chake. Akashauri magari yasizidi matano kwa duma mmoja, yasikaribie chini ya mita 30.

Na sisi Watanzania tusijifanye yanawahusu majirani tu. Julai 2025 dunia nzima iliona video ya watalii walioshuka magarini Kogatende, Serengeti, wakawazibia njia nyumbu waliotaka kuvuka Mto Mara. Wote mkononi wana nini? Kamera na simu.

Tafadhali msimrukie dereva peke yake. Mgeni ameketi nyuma na lenzi ndefu kama mkono wangu, anasema "sogea kidogo, sogea kidogo," na bakshishi ya wiki nzima ipo mfukoni mwake. Ukimkatalia, gari la jirani litasogea. Nani kati yetu angekataa?

Ninachodai ni kwa wenzangu wa magazeti, na hakihitaji bajeti. Picha ya mama na mtoto ikija mezani, tumuulize mpiga picha maswali mawili: ulikuwa mbali kiasi gani, na magari yalikuwa mangapi? Majibu yachapwe chini ya picha, pale pale tulipozoea kuandika "akimbembeleza". Nataka nione picha ngapi zitabaki tamu tukiandika "duma na wanawe, magari 19."

Na shangazi, ile picha usiifute. Warudishie wote uliowatumia, ila safari hii andika jina la Narasha.