Moyo Mzima si Saa ya Ukutani

Muhula uliopita mvulana mmoja wa darasa letu alikwenda Custom kununua dawa ya mafua. Mwenye duka alimshika mkono, akasikia mapigo yanakwenda mbio, kisha yanapungua, kisha mbio tena. Akamwambia kwamba moyo wake ni mbovu na asicheze mpira kamwe. Habari ikafika nyumbani, na baba yake akamkataza kabisa. Hakupimwa kwa mashine yoyote.

Simlaumu sana yule mwenye duka, maana katika nchi zetu ugonjwa wa koo usiotibiwa huweza kuharibu vali za moyo wa mtoto. Lakini ugonjwa huo hautambuliwi kwa kushika mkono tu. Nami nasema hukumu ile ilitolewa upesi mno.

Wengi wetu twadhani kwamba moyo mzima hupiga sawasawa kama saa. Sivyo. Tukivuta pumzi mapigo husongamana, tukiitoa huachana. Jambo hili Mjerumani Carl Ludwig alilipima mwaka 1847, na kwa vijana huonekana wazi kuliko kwa wazee. Ubongo huushika moyo kwa neva kama vile mwenye boda boda ashikavyo breki katika msongamano wa Custom: hukaza na kulegeza kila mara. Asiyeweza kufanya hivyo ndiye wa kuogopwa.

Mashine ya kuandika umeme wa moyo, ambayo ilimpatia Willem Einthoven wa Uholanzi Tuzo ya Nobel mwaka 1924, huonyesha kila pigo kwa ncha moja ndefu. Basi pima nafasi baina ya ncha na ncha. Tuseme umepata milisekunde 810, 870, 930, 860 na 800. Wastani ni 854, yaani mapigo 70 kwa dakika. Moyo mwingine ukitoa 854 kila mara, nao utaitwa wa 70, na mwenye kuhesabu kwa dakika hataona tofauti yoyote! Sasa toa kila nafasi katika inayofuata, zidisha kila tofauti kwa yenyewe, tafuta wastani, kisha kipeuo cha pili. Moyo wa kwanza utapata karibu 63. Wa pili, sifuri.

Hii si hesabu ya mchezo. Mwaka 1987 Robert Kleiger na wenzake, huko Marekani, walitoa habari za watu 808 waliopona shambulio la moyo. Wao walitumia kipimo kingine cha jamii hiyo hiyo, kilichoandikwa mchana na usiku. Wale ambao mapigo yao yalitofautiana kidogo, chini ya milisekunde 50, walikuwa katika hatari ya kufa zaidi ya mara 5 kuliko waliopita 100.

Walakini tusikimbilie upande wa pili. Mashine ikikosa ncha moja tu, 810 na 870 zitakuwa 1680, na hesabu yote itaharibika. Kadhalika vyumba vya juu vya moyo vikitetemeka kwa ugonjwa, tofauti huwa kubwa sana, nayo si dalili ya afya. Mapigo yasiyofuata pumzi, au mtu kuzimia akikimbia, ni jambo la kwenda hospitali siku ile ile.

Kwa hiyo namwomba mwalimu wetu wa baiolojia atupe kipindi kimoja tu. Kila mwanafunzi amshike mwenzake mkono huku akitazama kifua chake kinavyopanda na kushuka. Na ninyi mliosoma hapa zamani, mkawa madaktari na wauguzi, tafadhali mmoja wenu ampeleke kijana huyu penye mashine, kisha amwandikie baba yake barua. Sisi wanafunzi hatusikilizwi. Jumamosi iliyopita mwenzetu alikaa tena pembeni ya uwanja, akilinda viatu vyetu.