Kiwanja Changu Kililiwa na Farasi

Wengi mnaniandikia kuhusu pesa ndani ya ndoa, nami huwajibu kama mjuzi. Leo naweka yangu mezani. Mwaka 2018 mimi mwenyewe nilishafunga begi.

Mume wangu ni Mjerumani na tunaishi kijijini, karibu na Lüneburg. Tulikuwa tunaweka akiba ya kiwanja Bagamoyo. Siku moja mwezi wa nane naangalia akaunti, euro elfu tisa hazipo! Namuuliza, anatabasamu: "Nimenunua farasi jike wa kutoka Iceland, tena ana mimba." Jamani! Nikamwambia achague, mimi au farasi. Akanyamaza. Kile kimya kiliniuma kuliko hela.

Sikuondoka. Msinisifu, maana wiki ileile mgongo wake ulimshika akawa hawezi hata kuinama, na mtu wa kumlisha yule mnyama nikawa mimi. Kila alfajiri naenda bandani nimenuna.

Alikuwa mfupi, hafiki mita moja na nusu begani, nywele zimemfunika macho. Na alikuwa anajikuna hadi damu. Jirani anayefuga akanieleza: farasi waliozaliwa Iceland wakiletwa huku, wengi hupata ugonjwa wa ngozi kwa kuumwa na vidudu ambavyo miili yao haikuvizoea tangu utotoni. Wanaozaliwa hukuhuku hawasumbuki kiasi hicho. Halafu akaniambia jambo lililonikalisha chini. Farasi akishatoka Iceland haruhusiwi kurudi tena, maisha. Kule hawaingizi farasi yeyote kwa kuogopa magonjwa. Hata bingwa akienda kushindana nje, safari yake ni ya kwenda tu.

Nikamtazama. Mimi nina pasipoti, nikichoka nakata tiketi. Yeye je? Siku hiyo nilimvalisha mwenyewe blanketi lake la kuzuia wadudu.

Mume wangu alipopata nafuu akanibembeleza nipande, mara moja tu. Nilikuwa naogopa kurushwa. Farasi wengi wakianza kukimbia, miguu huenda jozi kwa kukingamana, na kuna nukta mnyama yuko hewani kabisa; hapo ndipo mpandaji anaporukaruka kama gunia. Huyu ana mwendo wa ziada, watu wa Iceland wanauita tölt. Mguu wa nyuma kushoto, wa mbele kushoto, wa nyuma kulia, wa mbele kulia. Mpangilio ni wa kutembea, ila kasi inaweza kupanda hadi ukapepewa na upepo, na wakati wote kuna mguu unaogusa chini. Kiuno chako kinatulia tuli. Wenyewe wana mchezo wa kupanda huku wameshika glasi ya bia iliyojaa, atakayemwaga kidogo ndiye mshindi. Mimi nilishika kikombe cha chai, ikamwagika robo tu! Bibi yangu wa Pangani angesema huyu anakwenda telki, kama punda wake. Nikacheka, cheko la kwanza tangu siku ya akaunti.

Kwa lile cheko ndiyo nikapata nguvu ya kumuuliza: kwa nini hukuniambia? Akajibu polepole, "Kila ukizungumzia Bagamoyo, naona unajenga nyumba ambayo mimi simo."

Nilikosa la kusema. Kwa sheria ya Tanzania, mgeni hamiliki ardhi ila kwa shughuli za uwekezaji, kwa hiyo hati ingekuwa na jina langu peke yangu. Nami sikuwahi kumuuliza hata anataka vyumba vingapi. Kuchukua hela kimyakimya alikosea, na nilimwambia hivyo. Ila na mimi nilikuwa nimeshahama kimoyomoyo.

Tukakubaliana mambo mawili. Hakuna kutoa zaidi ya euro mia mbili bila kuambiana. Na mtoto atakayezaliwa, tutamlea, tutamuuza, hela iende kwenye kiwanja.

Alizaliwa Mei 2019, jike. Mwaka 2012 watafiti wa Sweden na wenzao walitangaza kuwa mwendo huu unategemea badiliko katika jeni moja, DMRT3. Tukapeleka nywele zake zikapimwa: amerithi kwa baba na kwa mama. Wa aina hiyo ndio wanaoweza hata mwendo wa tano, skeið, wa kasi kubwa. Lakini jeni haikuharakishii kitu. Farasi hawa hawapandwi hadi wafike miaka minne hivi, mwili ukomae. Miaka yote hiyo tulimfundisha kushikwa, kufungwa hatamu, kuinua kwato. Nasi tulikuwa tunajifunza kuambiana.

Tulimuuza mwaka 2024. Nililia, mume wangu akanicheka, halafu naye akalia. Kiwanja tumenunua. Ramani ya nyumba kachora yeye, na baraza kaliweka upande wa bahari.

Mama mtu tunaye bado. Kila joto likianza, blanketi namvalisha mimi.

Shosti, kabla hujamwambia mwenzio achague, muulize kwanza: kwenye nyumba unayoijenga kichwani, anajiona yumo? Tukutane mwezi ujao.