Utii Si Elimu

Kuna neno linalorudiwa mara nyingi katika vyuo, ya kwamba kazi ya mwalimu ni kufundisha, na mengine ni ya serikali. Wanaolisema huliita busara. Mimi naliita ngao ya waoga, na ushahidi wangu nautoa Uholanzi, nchi iliyokaliwa na majeshi ya Wajerumani tangu Mei 1940 hata Mei 1945.

Huko uovu haukuanza kwa bunduki; ulianza kwa karatasi. Oktoba 1940 watumishi wa serikali, na walimu pamoja nao, waliletewa fomu ili waseme kama wao ni Wayahudi ama sio. Karibu wote walitia sahihi. Mwezi uliofuata wenzao Wayahudi wakaondolewa kazini. Profesa Cleveringa wa Leiden alisimama tarehe 26 Novemba akamtetea hadharani mwalimu wake aliyefukuzwa, akafungwa. Lakini wa namna yake walikuwa wachache. Mwaka 1941 ikawa zamu ya watoto: wale wa Kiyahudi wakatengwa na wenzao mashuleni. Kila hatua ilipita katika mkono wa mtu aliyesoma. Wayahudi wa nchi ile walikuwa kama 140,000. Waliouawa walizidi 100,000.

Sasa mtazame Johan van Hulst, mkuu wa chuo cha ualimu mjini Amsterdam. Bustani ya chuo chake ilipakana na ya nyumba ya kulelea watoto. Ng'ambo ya barabara palikuwa na jumba la michezo ya kuigiza, ambamo Wayahudi walikusanywa kabla ya kupelekwa makambini. Wazazi walifungiwa jumbani, na watoto wao wadogo katika nyumba ile. Walter Süskind, Myahudi aliyetiwa katika kazi za jumba, alifuta majina ya watoto katika orodha. Henriëtte Pimentel, mkuu wa nyumba ya watoto, na wasaidizi wake waliwapitisha juu ya ua. Van Hulst aliwapokea na kuwaficha chuoni, hata wakaondolewa kwa siri, wengine ndani ya mifuko na vikapu. Kwa njia hii na nyingine watoto kama 600 walitoka katika nyumba ile. Pimentel aliuawa Auschwitz mwaka 1943. Süskind naye hakurudi.

Mtu atasema: Mwalimu huyu alivunja sheria, na wanafunzi waliomsaidia aliwafunza udanganyifu. Namjibu hivi. Orodha iliyofutwa jina ilikuwa ya uwongo, na orodha iliyokamilika ilikuwa ya kweli. Ile ya kweli ndiyo iliyoua. Elimu isiyoweza kupambanua kati ya orodha hizo mbili ni mwandiko mzuri tu.

Mwingine atasema: Yule alikuwa shujaa, nasi ni watu wa kawaida. Hii ni sifa yenye hila. Tukimpandisha mtu mbinguni, twajipunguzia deni la kumfuata duniani. Van Hulst hakuwa na jeshi. Alikuwa na chumba, bustani, ufunguo wa mlango na ulimi uliojua kunyamaza. Ni mwalimu gani asiye na vitu hivyo?

Wala yeye mwenyewe hakujiona shujaa. Tarehe 29 Septemba 1943 nyumba ya watoto ilipomalizwa, aliweza kuchukua watoto 12 tu katika wengi waliobaki, na ilimpasa kuchagua. Aliishi miaka 107, akafa mwaka 2018, naye alikuwa bado akijiuliza kwa nini hakuchukua wa 13.

Waliotia sahihi walisema kwamba walitimiza wajibu wao. Aliyeokoa alisema kwamba hakutimiza wake. Anayetaka kujua ni yupi kati yao aliyeelimika, na achague leo mwalimu atakayemkabidhi mtoto wake.